Bakuli Nje ya Lango

Kijijini Hontarède, mbele ya milima ya Pirenei, mtu haitwi kwa jina la baba yake. Huitwa kwa jina la nyumba anayolala. Yuko Firmin wa Larroudé, yuko Yvonne wa Pédebos, na hivyo hivyo mpaka barabara inapoishia. Maylis peke yake hakuwa na nyumba ya kuitiwa, maana alikuwa amepanga vyumba viwili juu ya duka la mikate. Basi watu wakampa jina la kazi yake: Maylis wa Bakuli. Alilichukia jina hilo, lakini angesema nini? Kila baada ya miezi mitatu tulimwona akishuka kwenye kigari chake cheupe, amekumbatia bakuli la chuma lenye mpira mrefu na mashine. Anapiga magoti katikati ya mizabibu ya watu, analifunika bakuli udongoni, kisha anakaa hapo robo saa nzima akitazama saa yake. Wapita njia walimtania kwamba anachemsha mayai.

Mwenyewe alikuwa anapima pumzi ya ardhi. Chini ya vilima vyetu, kilomita nne na ushei, zamani palijaa gesi. Baba zetu waliuza shamba moja, wakaajiriwa kiwandani, wakasomesha watoto kwa gesi hiyo. Ilipokwisha, kampuni ikaona shimo tupu nalo ni mali. Ikakusanya moshi wa matanuri yake, ikaukamua ikabaki hewa ukaa tupu, kisha ikaisukuma hewa hiyo chini, mle mle gesi ilimotoka. Walisukuma miaka mitatu, wakaziba kisima kwa saruji, wakang'oa mitambo na kuondoka. Aliyebaki ni Maylis na bakuli lake, na vituo thelathini na viwili vilivyochorwa kwenye ramani, ili siku hewa hiyo ikianza kupanda, mtu ajue kabla halijawa janga.

Kuhusu hewa ukaa, watu wa Hontarède hawahitaji kufundishwa. Zabibu zinapochemka kwenye mapipa hutoa hiyo hiyo. Haina rangi, haina harufu, ni nzito, na hujaa ghala la chini kimya kimya kuanzia sakafuni kwenda juu. Ukiivuta nyingi hupati hata nafasi ya kupiga kelele. Unaona uchovu, unakaa kidogo, basi. Ndiyo maana kwetu hashuki mtu ghalani baada ya mavuno bila mshumaa, na mshumaa haushikwi juu kama wa kanisani. Unashikwa usawa wa goti. Ukizimika, hugeuki wala hukimbii. Unapanda ngazi kinyumenyume, taratibu, mdomo umefungwa. Baba hukufundisha hivyo kabla hajakufundisha kuendesha baiskeli.

Sasa kulikuwa na kituo namba kumi na saba. Hicho kilichorwa ndani ya ua wa Larroudé, kati ya mlango wa ghala na mti wa jozi, kwa sababu enzi za babu kampuni nyingine ilitoboa hapo kisima cha kujaribia, haikupata kitu, ikakiziba, ikakata bomba na kulifukia. Mhandisi aliyepanga vituo alimwambia Maylis wazi, "Mama, vingine hivi ukichoka unaweza kuchelewa. Hiki usikose. Hewa ikitaka kupanda, itapitia kwenye kidonda cha zamani."

Maylis akaitikia kwa kichwa. Na tangu siku hiyo hakuwahi kupima kituo namba kumi na saba hata mara moja.

Usimcheke kwanza. Larroudé ni nyumba alikozaliwa. Ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba ile, na kwetu, sheria ya serikali iseme itakavyo, nyumba haikatwi vipande kama jibini. Inakwenda yote kwa mtoto mmoja, na huyo mmoja ni wa kwanza. Wengine huondoka na shukrani. Baba yake alisubiri siku ya kuchinja nguruwe, majirani wote wapo, mikono imejaa mafuta ya soseji, ndipo akatangaza kwamba nyumba ataichukua Firmin, mwanawe mdogo, kwa kuwa Maylis hana mume na shamba linataka mwanamume. Maylis akaweka kisu mezani. "Kama ni hivyo," akasema, "mguu wangu hautavuka lango hili tena ila siku nitakapokuwa mwenye nyumba." Kisha akaondoka bila kunawa mikono.

Kiapo cha mbele ya nguruwe ni kizito. Ungekivunja, watoto wangekuimbia barabarani. Firmin naye, badala ya kumfuata dada yake, alicheka, na kicheko kile kilizidi kuufunga mlango. Majirani tukanyamaza. Si wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime?

Basi miaka miwili baadaye, alipopewa ramani na kuona kituo kiko wapi, alikuwa na njia mbili. Angemwambia mhandisi ukweli, na mhandisi angetafuta mtu mwingine asiye na ugomvi na mtu. Au angepima nje ya lango, kwenye nyasi za kando ya barabara, hatua arobaini kutoka mahali penyewe. Hatua arobaini ni nini? Udongo ni ule ule, alijiambia, na mvua ni ile ile. Alifanya hivyo kipimo cha kwanza kabla hewa haijasukumwa, akafanya cha pili, na baada ya hapo mkono ulishazoea. Kwenye daftari aliandika: *Kituo cha 17, kawaida.* Kila mwaka kampuni ilichapisha namba zake kwenye karatasi ya rangi ya kijani na kuzituma kila nyumba, jina lake likiwa chini.

Mama yake alibaki Larroudé na Firmin. Siku za soko alikuja kukaa na Maylis kwenye benchi la kanisa, wakila mkate na soseji, bila kutaja habari za nyumba. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Machi, bibi huyo alishuka ghalani mchana kuchota mvinyo wa kumalizia supu, maana kwetu sahani ya supu husuuzwa kwa mvinyo na mtu akanywa. Firmin alimkuta ameketi ngazi ya mwisho, kidevu kifuani, jagi mapajani. Daktari alisema ni moyo. Miaka themanini na moja, moyo una haki ya kuchoka. Maylis alisubiri jeneza nje ya lango, kwenye zile nyasi zake, na wanawake walipopita walinong'ona kwamba huyo kifuani ana jiwe. Walikosea. Alilia mpaka kola ya koti ikalowa, ila alilia akiwa nje.

Nasema haya yote ili ujue alikuwa mtu wa namna gani asubuhi ile ya Jumamosi, Machi nyingine, alipoingia mkahawani kunywa kahawa na kumkuta kaka yake kaunta, amempa mgongo.

Firmin alikuwa anajisifu, kama kawaida yake. Bereti nyuma ya kichwa, sauti ya mnadani.

"Mwaka huu mvinyo wangu una kiburi, nawaambia! Machi hii bado unachemka. Mshumaa unazimika ngazi ya tano kutoka juu. Juzi ulizimika ya nne!"

"Huo si mvinyo, Firmin," akasema Yvonne wa Pédebos, jirani yake, mwanamke mwenye ulimi usiopumzika. "Shetani amehamia kwako, anajamba."

Watu wakaangua kicheko. Hata Firmin alicheka mpaka akakohoa.

"Wivu tu huo. Zabibu zangu nilichuma Desemba, baridi kali, zimekunjamana kwa utamu. Sukari nyingi huchelewa kuchemka. Nani hajui?"

"Na paka wako yule wa kijivu? Simwoni siku hizi ukutani kwangu."

"Amekufa, maskini. Nadhani kala sumu ya panya. Nimemkuta chini ya ngazi ya ghala kalala tu, mzuri, hana hata povu mdomoni."

Maylis alikiweka kikombe kwenye sahani yake na kikagonga kwa sauti. Zabibu za Desemba, kweli, huchelewa. Lakini Firmin alishafukiza kiberiti, ile salfa ya manjano, kwenye mapipa yake mwishoni mwa Januari, upepo ukaleta harufu mpaka dukani kwa mikate, na mvinyo uliofukizwa kiberiti hauchemki tena. Umenyamaza. Mvinyo wa Firmin ulikuwa umekufa kimya wiki sita zilizopita. Kama si mvinyo, basi ni nini kilichokuwa kinapanda ngazi, kutoka ya tano kwenda ya nne?

"Milima imesogea," akasema mwenye mkahawa, akifuta kioo cha dirisha.

Kila mtu akageuka kutazama. Kusini, milima ya Pirenei ilikuwa imejitokeza karibu kiasi cha kuhesabu mikunjo ya theluji. Kwetu milima ikisogea, mvua iko njiani. Hilo hata mtoto anajua. Maylis alijua na la ziada, alilofundishwa kazini: hali ya hewa ikielekea mvua, hewa ya juu hupungua uzito, na ardhi hupumua kwa nguvu. Siku za namna hiyo namba zote thelathini na mbili hupanda kidogo. Na siku aliyokufa mama milima ilikuwa imesogea. Alikumbuka, kisha akalifukuza wazo hilo haraka.

Firmin alilipa, akapita nyuma yake bila kumtazama. "Mjazie huyo bakuli lake," akamwambia mwenye mkahawa. "Naona ni tupu."

Zamani maneno hayo yangemchoma wiki nzima. Leo hayakumgusa. Alikuwa anamtazama kaka yake mgongoni, kitambi kilivyomzidi, shati lililokosa mtu wa kulipiga pasi tangu mke alipomwacha, na akaona waziwazi kwamba mtu huyu anaishi peke yake juu ya lile ghala, na kila mchana anashuka mle na jagi. Akaamua kwenda Larroudé. Alipita kwanza kwake kuchukua mashine.

Alianzia pale pale kwa mazoea, kando ya barabara. Akafunika bakuli. Akasubiri. Namba ikaja ya kila siku, namba ya nyasi na minyoo na mizizi, kawaida. Akaitazama kwa chuki. Gari la Firmin halikuwepo. Huenda alipitia kununua mkate. Lango lilikuwa wazi kwa upana wake wote, na mguu ukakataa.

Cheka ukitaka. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, mjuzi wa mitambo, alisimama mbele ya lango wazi huku kaka yake yuko hatarini, akashindwa kuinua mguu. Mwishowe akakumbuka kwamba kiapo kilikuwa cha lango, hakikutaja uzio wa miti. Akazunguka nyuma, akapenya kwenye uzio huo kwa tundu walilokuwa wakipita utotoni. Matawi yalimkwangua mashavu. Akasimama ndani ya Larroudé kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili.

Hakuhitaji mashine, lakini aliitumia. Chini ya mti wa jozi nyasi zilikuwa zimekauka kwenye duara lenye upana wa meza ya kulia, njano, wakati pembeni ni kijani cha Machi. Katikati ya duara kulikuwa na mbawakawa kadhaa wamelala chali. Hakuna chungu aliyewabeba. Maylis akapiga magoti, akafunika bakuli. Kwenye vituo vyake vyote msimu huu alizoea kuona nne, tano, ikizidi sana sita. Mashine ikaonyesha arobaini. Ikaonyesha mia na kumi. Ikapita mia tatu, kisha ikaacha kuonyesha namba na kuchora mstari tu, maana ilikuwa imefika mwisho wa kipimo chake. Aliinua bakuli, akalipepea, akaweka upya, akitumaini amekosea. Safari hii mstari ulikuja upesi zaidi.

"Ho! Wezi wa kuku siku hizi wanabeba vyombo kabisa!"

Firmin alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, mkate kwapani.

"Firmin, usishuke ghalani."

"Miaka kumi na miwili hunisalimii, na neno la kwanza ni amri. Kweli wewe ni dada mkubwa."

"Sina mzaha. Ondoka hapo mlangoni. Kuna hewa."

"Iko, si nimesema mkahawani? Mvinyo."

"Mvinyo gani! Ulifukiza kiberiti Januari, kijiji kizima kilikohoa. Mvinyo ukishanyamaza unachemkaje? Nani kakufundisha upuuzi huo, ni baba?"

Hapo Firmin akasita kidogo. Maylis aliona. Lakini mtu aliyejisifu asubuhi mbele ya watu haachi jambo kirahisi, akatikisa kichwa.

"Naelewa sasa. Nilikuwa nashangaa utakuja lini. Baba kafa, mama kafa, mimi sina mtoto. Unakuja na kimashine chako, unasema nyumba ina sumu, serikali inanitoa, wewe unaingia. Miaka yote hiyo unakaa kule juu ya duka la mikate unapanga! Hivi unanionaje, Maylis?"

"Nakuona utakufa."

"Ngoja. Ngoja hapo hapo."

Akaingia jikoni. Alirudi na jagi mkono mmoja, mshumaa umewaka, na kwapani, badala ya mkate, rundo la karatasi za kijani. Akazitupa miguuni pa Maylis moja moja.

"Soma. Kituo cha kumi na saba, kawaida. Hii ya mwaka juzi: kawaida. Hii: kawaida. Saini ya nani hii? Yangu? Mimi nilikuwa nazitunza, ujue. Nilikuwa najiambia, hata kama ananichukia, anakuja, anapima, anahakikisha nalala salama. Labda anakuja mimi nikiwa shambani, hataki tuonane. Nilikuwa naliacha lango wazi makusudi."

 Milima ilikuwa juu ya paa la ghala, karibu mno, na upepo ulikuwa umesimama kabisa.

"Sasa chagua," akasema Firmin. "Ama unaongopa leo, ama uliongopa miaka yote hiyo. Na kwa vile nakujua wewe huwezi kuongopa kwenye kazi, nashuka kuchukua mvinyo wangu nile supu yangu."

Akafungua mlango wa ghala. Ubaridi uliwapitia kwenye vifundo vya miguu. Akakanyaga ngazi ya kwanza.

Katika muda ule mdogo Maylis alihesabu mengi. Kazi ingekwenda. Jina lingekwenda pia, na nyumba zote zenye karatasi za kijani zingemwita mwongo, na zingekuwa na haki. Hayo angeyavumilia. Lilikuwepo jingine nyuma ya hayo, alilokuwa analikimbia tangu mkahawani, na alijua kwamba akifungua mdomo litatoka nalo. Firmin akakanyaga ngazi ya pili.

"Niliongopa miaka yote hiyo!"

Alisema kwa sauti kubwa hadi mbwa wa Yvonne akabweka upande wa pili.

"Sijawahi kupima hapa, Firmin. Hata siku moja. Nilipima nje ya lango, kwenye nyasi, nikaandika ni hapa. Kwa ajili ya kiapo. Kwa ajili ya kiburi changu cha kijinga. Leo ndiyo mara ya kwanza na mashine imeshindwa kuhesabu. Panda juu. Panda, kaka, nakuomba, nakupigia magoti."

Na kweli alikuwa amepiga magoti. Firmin alisimama ngazi ya tatu, mshumaa usawa wa goti kama walivyofundishwa. Mwali haukuyumba, hakukuwa na upepo wa kuuyumbisha. Ulipungua tu, ukawa buluu, ukazimika. Moshi wake mwembamba haukupanda. Ulilala, ukasambaa mbele ya miguu yake.

Firmin akafunga mdomo. Akapanda kinyumenyume, ngazi moja, ngazi ya pili, ngazi ya tatu, bila kugeuka. Maylis akalikwapua bakuli, akamshika mkono, akamvuta kupita duara la nyasi njano, kupita mti wa jozi, wakatoka kwa lango mpaka barabarani, wala hakukumbuka kwamba ni lango.

Walisimama kwenye nyasi wakipumua. Firmin alikuwa bado na jagi. Mshumaa nao alikuwa nao, ameubana mpaka nta imejikunja kati ya vidole.

"Ni hapa ulipokuwa unapimia?" akauliza. Sauti ya mnadani ilikuwa imepotea.

"Hapa."

"Mara ngapi?"

"Arobaini na mbili."

Akageuka kuutazama mlango wa ghala aliouacha wazi. Mtu akimjua Firmin, anajua si mtu wa kufikiri haraka, lakini akishaanza kufikiri haachi njiani. Maylis aliona wazo likimjia, akatamani ardhi immeze.

"Machi ile ulikuja?"

"Firmin..."

"Nimekuuliza. Machi ile."

"Nilikuja Jumanne. Mama alikufa Alhamisi."

"Ukaandika nini?"

 Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka barabarani, makubwa, moja hapa moja pale.

"Kawaida," akasema.

Firmin akatikisa kichwa polepole mara kadhaa.

"Mama alikuwa na mshumaa mkononi," akasema. "Sijawahi kukwambia, maana hatukuwa tunasemezana. Mshumaa mrefu, mpya, umeungua kidogo tu kwenye ncha. Niliwaza, mbona umezimika na hakuna upepo? Kisha nikajiambia, si dada anapima hapo uani, kila kitu ni kawaida, huo utakuwa moyo. Daktari naye nikamwambia hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyemwambia moyo. Yeye aliandika tu."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo mama yao aliipenda, aliisema kila mtu alipoficha homa ili asikose sherehe. Maylis aliisikia sikioni kwa sauti yake mwenyewe mama. Alitaka kaka yake ampige. Angempiga ingekuwa nafuu. Firmin hakuinua hata mkono. Aliweka jagi chini kwa uangalifu, na mshumaa ndani ya jagi. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa Larroudé, ule wa chuma, mrefu kama kiganja, ambao babu wa babu yao aliufungia kamba ya ngozi. Bakuli la chuma lilikuwa kwenye mkono wa Maylis, limegeuka juu. Firmin akautia ufunguo ndani yake. Ukalia.

"Haya, dada mkubwa," akasema. "Ulikuwa na haki. Wa kwanza ni wa kwanza."

Akaondoka kwa miguu kuteremka barabara, gari lake akaliacha uani, kichwa wazi kwenye mvua, kuelekea makaburini au kwa Yvonne au popote pale. Maylis alimwita mara mbili. Hakugeuka.

Simu ilishika kwenye mara ya tatu. Maylis akampa msichana wa zimamoto jina la kijiji na kazi yake, akamweleza kuna hewa ukaa imejaa ghalani na inatoka uani, waje na mitungi ya kupumulia, wafunge barabara, wawatoe watu wa Pédebos kwa kuwa wako upande wa bondeni. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama alivyofunzwa. Msichana alikuwa akiandika, na vitufe vilisikika.

"Kuna mtu ndani?"

"Hakuna."

"Namba ya kituo, kama mnavyokiita nyinyi wa vipimo?"

"Kumi na saba."

"Sawa. Na mwenye nyumba ni nani, mama? Tunahitaji mtu wa kuturuhusu kuingia."

Maylis akatazama ndani ya bakuli. Maji ya mvua yalikuwa yameanza kuufunika ufunguo.

"Mimi," akasema.